Pumwani: Mtaa Uliojengwa na Wapangishaji

Pumwani ni mtaa mkongwe wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ng'ambo ya Mto Nairobi kutoka katikati ya jiji. Ulizaliwa kwa amri. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Waafrika waliofuata kazi walijijengea vijiji vyao wenyewe: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilitenga Pumwani kuwa makazi ya Waafrika, ikaanza kuvunja vijiji hivyo. Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo, jirani na Pumwani.

Mitaa mingine ya Waafrika, Kariokor na Kaloleni, ilikuwa ya nyumba za kukodi kutoka kwa manispaa. Majengo, kitovu cha Pumwani, palikuwa na utaratibu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyoujenga uchumi wa mtaa. Ardhi ilibaki ya manispaa, lakini aliyepewa kiwanja alijenga mwenyewe kwa miti na udongo, akaezeka kwa madebe yaliyonyooshwa, akaishi chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwemo wanawake wengi. Walipata mtaji kwa kupika chakula, kuuza pombe na hata kwa ukahaba, wakaugeuza kuwa mali ya kudumu katika mji uliomhesabu Mwafrika kuwa mpita njia tu. Wengi wao walisilimu, na Kiswahili kikawa lugha ya ua na baraza.

Watu waliobanana katika vyumba hivyo vya kupanga walipata nguvu ya pamoja. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai walipokamatwa mwezi uliofuata, wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau wa Aprili 1954, Operesheni Anvil, uliwazoa maelfu ya wakazi wa mitaa hii na kuwapeleka vizuizini.

Baada ya uhuru biashara ilisogea ukingoni mwa mto. Mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, wa eneo la Kamukunji walifua mabati kuwa masanduku ya wanafunzi wa bweni, karai na majiko. Katika miaka ya 1980 walisaidia kulisambaza jiko la makaa lenye kikombe cha udongo, linalopunguza matumizi ya makaa. Biashara huria ya miaka ya 1990 ilileta mafuriko ya mitumba katika soko la jirani la Gikomba. Huko belo hufunguliwa alfajiri, wachuuzi wakigombea nguo za daraja la kwanza kabla hazijapanda bei. Mafundi cherehani hupunguza na kushona upya, na mikokoteni hubeba shehena kuelekea vituo vya magari.

Wafanyabiashara wengi bado hawana hati ya ardhi wanayoitegemea. Soko limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kila baada ya moto wafanyabiashara hulazimika kujenga upesi, kwa mbao na mabati yaleyale yanayoshika moto, kwa kuwa anayechelewa huhatarisha nafasi yake.