Vimelea, Rangi na Haki ya Kubisha: Sayansi na Siasa kutoka Mnazi Mmoja hadi Kimbiji

Mtoto mwenye afya anaweza kubeba vimelea vya malaria bila kuonyesha dalili yoyote. Huo ni ukweli uliothibitishwa mara nyingi. Miongoni mwa waliouona mapema ni Robert Koch, akiwa New Guinea mwaka 1900, na madaktari wawili Waingereza, Stephens na Christophers, waliokuwa Afrika Magharibi wakati huohuo. Daktari akishalijua jambo hilo ana njia mbili. Anaweza kumtibu mtoto. Anaweza pia kumhamisha, yeye na mama yake na nyumba yao, akawaweka mbali na dirisha la mtu ambaye serikali imeamua kwamba afya yake ndiyo yenye thamani. Hadubini haisemi ifuatwe njia ipi. Uamuzi huo hufanywa na siasa, na Dar es Salaam ni mji ambao uamuzi huo bado unasomeka katika ramani yake.

Ninaandika kama mtu wa fikra za kiliberali, na mwenye shaka. Nayaamini matokeo ya vipimo. Simwamini mshika kipimo mpaka anayepimwa awe na haki ya kumbishia. Wako wasomi wetu wanaoridhika kusema kwamba sayansi ya wakoloni ilikuwa uongo mtupu, mjadala ukaishia hapo. Wako wengine wanaosema sayansi hujirekebisha yenyewe, tuiachie muda. Kauli zote mbili zinatuficha jambo kubwa zaidi: makosa ya kisayansi dhidi ya watu wa rangi fulani yalirekebishwa pale tu watu hao walipopata sauti ya kisiasa. Waliokosa sauti waliendelea kuishi ndani ya kosa, hata baada ya maabara kuacha kuliamini.

Mwaka 1891, Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu yao, walitoa kanuni ya ujenzi iliyougawa mji mafungu matatu. Fungu la kwanza liliruhusu nyumba za mtindo wa Kizungu tu. La pili lilitaka nyumba za mawe au vifaa vingine vya kudumu. La tatu liliachiwa nyumba za aina yoyote, yaani za miti, udongo na makuti. Kanuni haikutaja rangi ya mtu, wala haikuwa na haja ya kuitaja, kwa kuwa kila mtu alijua nani ana fedha ya kujenga kwa mawe na nani hana. Mwaka 1924 Waingereza, waliokuwa wakiitawala Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, waliurudia mpango huohuo wa kanda tatu, nao wakapima nyumba badala ya kumtaja mtu. Uzunguni, Uhindini na Kariakoo vilitokana na lugha ya saruji na mabati.

Sayansi ya malaria iliingia katikati ya simulizi hii, na hapa inafaa kumtendea Koch haki. Alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Fikra yake ilikuwa kwamba vimelea vitafutwe katika damu ya kila mtu, awe Mzungu, Mhindi au Mwafrika, na kila aliyekutwa navyo apewe kwinini. Kuanzia mwaka 1901 kampeni ya namna hiyo ilijaribiwa mjini hapa. Ilikuwa kampeni ya kikoloni, yenye amri nyingi na ridhaa kidogo, lakini ndani yake mlikuwa na wazo sahihi kwamba mtoto wa Kiafrika ni mgonjwa wa kutibiwa. Wazo hilo linadai fedha na kazi ya kila siku kwa ajili ya watu wasio na kura. Kutenga ni rahisi zaidi. Kabla ya vita vya 1914 serikali ya Wajerumani ilikuwa imeshanunua shamba magharibi mwa mji kwa ajili ya kuwahamishia Waafrika, na katikati uachwe uwazi. Waingereza waliuendeleza uwazi huo.

Simama leo Mnazi Mmoja, upande wa Barabara ya Bibi Titi Mohamed, utazame Mtaa wa Lumumba ng'ambo ya pili. Nyuma yako kuna maghorofa ya Uhindini ya zamani, mbele yako Kariakoo. Katikati kuna nyasi, miti na watu waliopumzika kivulini. Uwanja huu tunaoupenda, wenye kumbukumbu za mapambano ya uhuru, ulisafishwa ili upepo na umbali vitenganishe miili. Katika makoloni ya Waingereza nadharia ilitaka upana wa yadi 440 hivi, umbali ambao mbu aliyemuuma Mwafrika alidhaniwa hawezi kuuruka.

Nadharia hiyo ilikuwa na tundu ambalo mtoto wa shule angeliona. Nyuma ya nyumba za Uzunguni, na baadaye Oysterbay, vilijengwa vyumba vya watumishi. Mpishi, boi na yaya walilala hatua chache kutoka chumba cha bwana, usiku, saa ambazo mbu wa malaria huuma. Kama hofu ingekuwa ya vimelea peke yake, watumishi hao wangekuwa wa kwanza kuondolewa, au kutibiwa. Hawakuondolewa kwa sababu kazi yao ilihitajika. Wataalamu waliyajua haya, na waliendelea kuandika ripoti. Mwaka 1913 wizara ya makoloni mjini London ilimtuma Profesa W. J. Simpson kuchunguza hali ya afya Kenya, Uganda na Zanzibar, naye akapendekeza miji igawanywe kwa misingi ya rangi.

Miaka kumi baadaye, likatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha hoja hii. Katika Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, serikali ya Uingereza iliacha sera ya kuwatenga Wahindi na Wazungu katika miji ya Kenya, ikaeleza kwamba sasa wataalamu wa afya wanaona utengano si wa lazima: kanuni za usafi na ujenzi zikisimamiwa bila kubagua rangi zinatosha. Je, mbu walikuwa wamebadilika? Kilichobadilika ni kwamba Wahindi wa Kenya walikuwa na watetezi Delhi na London, na serikali ya Uingereza iliiogopa hasira ya India. Ushahidi wa kitabibu ukasomwa upya. Mwafrika hakuwa na mtetezi wa namna hiyo, na mwaka uliofuata Dar es Salaam ikachorewa kanda zake tatu.

Anayesema sayansi hujirekebisha yenyewe anapaswa kuujibu mfano huu. Aujibu pia ule wa Nairobi, ambako katika miaka ya 1930 Dkt. H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari na mwenzake F. W. Vint walidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni mdogo na haukui kama wa Mzungu. Mwaka 1933 kikaundwa chama cha walowezi cha kuchunguza uboreshaji wa rangi za binadamu. Vint alipima ubongo wa Waafrika 100 hivi waliofariki, akalinganisha na takwimu za Wazungu, bila kuutilia maanani umaskini, njaa na maradhi waliyoishi nayo. Wizara ya makoloni ilikataa kuufadhili utafiti huo. Ilifanya vyema kukataa. Hata hivyo, katika mjadala wote ule hapakuwa na Mkenya mweusi aliyeulizwa neno, na fikra iliyokataliwa fedha London iliendelea kuaminiwa na walowezi.

Mafuvu yanatufundisha zaidi. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kikakatwa, na Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, ukaidai Ujerumani ikirudishe. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen lenye mafuvu 2,000 hivi. Fuvu lilitambuliwa kwa uwiano wa upana na urefu, ukilinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Juni 1954 likakabidhiwa kwa Wahehe huko Kalenga. Kipimo kilekile kilichobuniwa kupanga mataifa ya watu kwa ngazi ndicho kilichotumika kurudisha heshima ya shujaa. Heshima ya Kalenga siigusi. Swali langu ni la utaratibu, kwamba Wahehe waliletewa jibu na serikali iliyohitaji utulivu wa kisiasa, na hawakupewa nafasi ya kuuliza jibu hilo lilivyopatikana.

Lilinganishe jibu hilo na la Berlin. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni ya Prussia ilichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, mengi kutoka Rwanda na yapatayo 200 kutoka Tanzania. Kilimanjaro, wazao wa wazee walionyongwa na Wajerumani pamoja na Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, mwezi Machi 1900 walitoa mate yao kwa hiari, kwa sababu swali lilikuwa la kwao: babu yetu yuko wapi? Septemba 2023 ilitangazwa kwamba DNA imeoanisha mafuvu machache na ndugu walio hai. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikupatikana, na familia iliambiwa hivyo. Sayansi inayoweza kumwambia mwenye swali kwamba jibu analolitaka halipo inastahili kuaminiwa.

Sasa nije kwetu, maana shaka inayoishia kwa Mzungu ni nusu ya shaka. Mwezi Aprili 2020 madaktari wawili wa Kifaransa walisema kwenye televisheni kwamba chanjo ya BCG ijaribiwe Afrika dhidi ya korona. Watu wetu walikasirika, na walikuwa na haki: visiwani Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, Koch alipowapa wagonjwa wa malale dozi kubwa za dawa ya atoxyl, baadhi yao walipofuka. Kumbukumbu hiyo ni halali. Lakini Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi zikaonekana zina virusi. Kupeleka sampuli za siri ili kuijaribu maabara ni njia halali kabisa ya kisayansi. Kilichofuata ndicho kilichoiharibu. Mkuu wa maabara alisimamishwa, majaribio hayakuchapishwa ili wengine wayarudie, na takwimu za taifa zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka. Tayari mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilikuwa imerekebishwa ili kumwadhibu anayechapisha namba zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019 makali hayo yakapunguzwa. Dhuluma ya kale isiwe kinga ya mtawala anayezuia watu kuhesabu wafu wao.

Kwa hiyo naitazama Kimbiji. Iko kusini mwa jiji, kwenye pwani ya Kigamboni, wilaya iliyomegwa kutoka Temeke. Ukipita huko utaona bikoni za zege zimechomekwa katikati ya mihogo na mikorosho, alama za viwanja ambavyo vimeshauzwa au vitauzwa. Chini ya ardhi hiyo wanajiolojia wamechunguza hazina kubwa ya maji, na serikali ilipanga visima virefu 20 Kimbiji na Mpera, vya kina cha mamia ya mita, kwa ajili ya jiji. Jiolojia yao siitilii shaka. Ila pwani yoyote ikivutwa maji kupita kiasi, chumvi ya bahari huingia, na wa kwanza kujua ni mama anayeonja maji ya kisima kifupi nyuma ya nyumba yake, kabla sampuli yoyote haijafika maabara. Neno lake linaandikwa wapi?

Kigamboni wanalijua swali hilo kwa njia nyingine. Mwaka 2008 ujenzi na uuzaji wa ardhi ulizuiwa katika kata zilizolengwa kwa mji mpya, na watu wakakaa miaka bila kujua kama wanaruhusiwa kuongeza chumba. Hapo hapakuwa na Mzungu wala Mhindi wa kulaumiwa. Lakini nyumba ya udongo bado ndiyo yenye thamani ndogo kwenye fomu ya mthamini, kama ilivyokuwa fungu la tatu mwaka 1891, na ramani bado huchorwa na watu wasioishi pale.

Matokeo ya kila kisima cha Kimbiji, kina cha maji na kiasi cha chumvi, yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za serikali za mitaa kila robo mwaka, na mkutano wa mtaa uwe na haki ya kudai kipimo kirudiwe na mtu asiye wa mradi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi vina maabara na wanafunzi wa kuifanya kazi hiyo. Sisi tunaofundisha humo tusisubiri kuagizwa.