Shahada ya Pamoja, Maswali ya Nani? Uzamili wa Uchumi wa Kimataifa Ulaya na Nafasi ya Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Mjadala kuhusu vijana wetu kwenda kusoma ng'ambo umezoea kuzunguka maswali mawili: nani atalipa, na je, wakihitimu watarudi? Ni maswali ya haki, lakini yanaiacha elimu yenyewe nje ya mjadala. Makala haya yanauliza swali la tatu: katika shahada ya uzamili inayoitwa ya pamoja, hasa katika fani ya uchumi na biashara ya kimataifa, ni nani anayeamua kinachofundishwa na kinachotafitiwa? Hoja yangu ni kwamba programu hizi zinatoa zana bora kuliko idara nyingi zinavyoweza kutoa zikiwa peke yake, ila maswali yanayoongoza zana hizo huamuliwa na vyuo vyenye sauti ndani ya muungano. Kwa hiyo dawa si kuzisusia, wala si kuridhika na kupeleka wanafunzi. Dawa ni vyuo vya Afrika Mashariki kuingia kama wanachama kamili wanaotoa shahada, jambo ambalo eneo hili lina uzoefu nalo kuliko tunavyokumbuka.

Shahada ya pamoja kwa sura yake ya sasa ni zao la mageuzi ya Ulaya. Azimio la Bologna, lililotiwa saini mwaka 1999 na nchi 29, lilikusudia kulinganisha ngazi za shahada ili masomo ya nchi moja yatambulike katika nyingine. Kiungo chake ni mfumo wa krediti: mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, kuanzia vipindi vya darasani hadi kujisomea na mitihani. Mfumo huo ukishakubalika, mwanafunzi wa miaka miwili anaweza kukusanya krediti zake 120 katika vyuo viwili au vitatu bila kurudia somo. Juu ya msingi huo Umoja wa Ulaya ulianzisha mwaka 2004 Erasmus Mundus, mpango wa kufadhili shahada za uzamili za pamoja. Mfano mmoja ni GLODEP, programu ya masomo ya maendeleo yenye uzito mkubwa wa uchumi, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Palacký kilichopo Olomouc katika Jamhuri ya Czech, Chuo Kikuu cha Clermont Auvergne nchini Ufaransa na Chuo Kikuu cha Pavia nchini Italia. Katika awamu ya Erasmus Mundus iliyoanza mwaka 2021, mwanafunzi anayepata ufadhili hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24.

Asiye na ufadhili hukutana na hesabu nyingine kabisa. Ujerumani, kwa mfano, humtaka mwombaji wa viza ya masomo athibitishe uwezo wa kujikimu, na njia ya kawaida ni akaunti maalumu ya benki ambayo kiwango chake tangu mwaka 2024 ni euro 11,904, sawa na 992 kwa kila mwezi. Fedha hizo zinatakiwa kuwepo kabla mwanafunzi hajapanda ndege. Jambo la pili la kuangaliwa mapema ni cheti chenyewe. Baadhi ya miungano hutoa cheti kimoja kilichosainiwa na vyuo vyote, mingine hutoa viwili au vitatu, na mhitimu wa Kitanzania anayetaka shahada yake itambuliwe nyumbani ataipeleka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa tathmini. Ni busara kujua mapema anachokwenda kukipeleka.

Sasa tuingie darasani, kwa kuwa humo ndimo faida na upungufu wa programu hizi huonekana pamoja. Zana mojawapo ambayo mwanafunzi wa uchumi wa kimataifa hukabidhiwa mapema ni modeli ya mvutano. Jan Tinbergen, Mholanzi aliyekuja kuwa miongoni mwa washindi wawili wa kwanza wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1969, aliitumia mwaka 1962 kueleza kwamba biashara kati ya nchi mbili hukua kadiri uchumi wao unavyokuwa mkubwa na hupungua kadiri umbali kati yao unavyoongezeka. Mwanafunzi hukusanya takwimu za mauzo ya nje kwa kila jozi ya nchi, akaongeza pato la taifa, umbali, mpaka wa pamoja, lugha ya pamoja na historia ya kutawaliwa na dola moja, kisha akakadiria uzito wa kila kigezo. Baada ya hapo huletewa marekebisho. James Anderson na Eric van Wincoop walionyesha mwaka 2003 kwamba biashara ya jozi moja haieleweki bila kuzingatia vikwazo ambavyo kila nchi inavyo dhidi ya wabia wake wote. Mwaka 2006 Santos Silva na Tenreyro wakaja na tatizo la sifuri: jozi nyingi za nchi hazina biashara yoyote iliyorekodiwa, na kwa kuwa logi ya sifuri haipo, watafiti walikuwa wakizitupa jozi hizo. Wawili hao walipendekeza namna ya kukadiria inayozibakiza.

Mwanafunzi aliyeelewa hatua hizi tatu ana silaha mkononi. Anaweza kuisoma ripoti ya shirika lolote la kimataifa na kujua tarakimu zake zimetoka wapi na zinaweza kuyumba wapi. Lakini sifuri, na hata tarakimu ndogo mno, ina maana zaidi ya moja. Kati ya nchi mbili za mbali zisizo na meli wala mkataba, sifuri huenda ni sifuri kweli. Busia ni habari nyingine. Hapo mahindi, maharage, mitumba na samaki huvuka kati ya Kenya na Uganda kichwani, kwenye baiskeli na kwa mikokoteni, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo haijazwi kwenye fomu yoyote ya forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kilichotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo kama hawa, lakini anayevuka na magunia mawili mara nyingi haoni sababu ya kukitafuta. Uganda ililitambua pengo hili zamani. Benki Kuu yake na Ofisi ya Taifa ya Takwimu zimekuwa zikifanya uchunguzi wa biashara isiyo rasmi ya mipakani, ambapo wadadisi hukaa mpakani na kuandika kinachopita machoni pao.

Tofauti hiyo si ya kiufundi tu. Njia ya Santos Silva na Tenreyro hutibu sifuri kama hesabu inayohitaji kukadiriwa vizuri. Biashara ya Busia inadai kwanza iulizwe ni nani aliyeandika tarakimu hizo na nani hakuwepo zilipoandikwa. Mwanafunzi anayetumia takwimu rasmi pekee anaweza kuhitimisha kwamba nchi za Afrika Mashariki hufanya biashara ndogo baina yao, akapendekeza mkataba mpya, kumbe sehemu ya tatizo ni kipimo. Aliyekulia karibu na mpaka atalihisi kosa hilo. Ila ili hisia igeuke kuwa tasnifu, anahitaji msimamizi aliyeusoma uchunguzi wa Uganda na anayejua mipaka yake, na huyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupatikana Makerere kuliko Pavia. Simlaumu profesa wa Pavia. Kila mtaalamu hujua vizuri zaidi takwimu alizozishika mkononi.

Mfano wa Groningen unaifafanua hoja hii kutoka upande wa pili. Chuo kikuu hicho cha Uholanzi, chenye shahada ya uzamili ya uchumi na biashara ya kimataifa, ni pia makao ya kituo cha utafiti wa ukuaji wa uchumi kilichojengwa juu ya kazi ya mwanauchumi Angus Maddison, na kutoka hapo hutolewa jedwali la Penn linalolinganisha mapato ya mataifa. Watafiti wake ndio waliounda hifadhidata ya sekta za uchumi wa Afrika iliyohusisha nchi 11, zikiwemo Kenya na Tanzania, inayoonyesha watu wangapi wapo kwenye kilimo, viwanda na huduma na kila sekta inazalisha nini. Ni kazi ya heshima. Lakini tazama mzunguko wake: takwimu ghafi zilikusanywa na ofisi za takwimu za nchi zetu, zikasafishwa na kupangwa Uholanzi, na leo mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayeandika kuhusu mageuzi ya kisekta huzipakua kutoka huko. Anayezipanga ndiye anayeamua kipi kihesabiwe wapi. Na maamuzi hayo ni mazito: Kenya ilipobadili mwaka wa msingi wa hesabu zake mwaka 2014, ukubwa wa uchumi wake uliongezeka kwa takriban asilimia 25, na nchi ikahesabiwa kuwa ya kipato cha kati ngazi ya chini. Tasnifu iliyoandikwa mwezi mmoja kabla ilikuwa ikizungumzia Kenya nyingine.

Hoja hiyo hiyo inajitokeza kwenye sera. Nadharia ya umoja wa forodha, yaani nchi zinazotoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje, tangu kitabu cha Jacob Viner cha mwaka 1950, humfundisha mwanafunzi kuuliza kama umoja unazalisha biashara mpya au unaihamisha tu kutoka kwa muuzaji nafuu wa nje kwenda kwa muuzaji ghali wa ndani. Kitabuni umoja huo huzungumza na dunia kwa sauti moja. Mkataba wa ubia wa kiuchumi (EPA) kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ni umoja wa aina hiyo, ulionyesha vingine. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini, Tanzania ilikataa. Kila upande ulikuwa na hesabu yake. Kenya haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, hivyo bila mkataba maua na mboga zake zingetozwa ushuru zikiingia Ulaya. Tanzania, ikiwa ndani ya kundi hilo, ilikuwa tayari na fursa ya kuuza bila ushuru chini ya mpango wa Ulaya ulioanza mwaka 2001, kwa hiyo ingefungua soko lake bila kupata kipya kikubwa. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliupinga mkataba huo hadharani kwa kuhofia hatima ya viwanda vichanga. Hatimaye Kenya ilisaini peke yake Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Je, umoja wenye ushuru mmoja wa nje unaishije pale mwanachama mmoja anapofungua mlango wake? Hilo ni swali la kiwango cha juu kabisa katika uchumi wa kimataifa, na lina mashiko zaidi Arusha kuliko Brussels.

Yapo mapingamizi. Wapo watakaosema uchumi hauna kwao, na kwamba unyumbufu wa mahitaji hukokotolewa vilevile Kigoma na Göttingen. Ni kweli kuhusu mbinu, si kweli kuhusu uteuzi wa swali. Wengine watasema vyuo vyetu haviwezi: mihula haiwiani, krediti hazilingani, walimu ni wachache. Pingamizi hili ni zito zaidi, na historia ndiyo inayolijibu.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na chuo kikuu cha pamoja kabla Bologna haijafikiriwa. Kati ya mwaka 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, vikigawana fani: sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, udaktari Makerere. Muungano huo ulivunjika kwa sababu kila serikali ilitaka chuo chake. Wazo halikufa. Muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, ulizindua mwaka 1993 programu ya ushirikiano ya uzamili wa uchumi kwa vyuo vya nchi zinazotumia Kiingereza. Utaratibu wake ulikuwa wa kivitendo: masomo ya msingi kila mwanafunzi huyapata chuoni kwake, kisha wanafunzi wa vyuo mbalimbali hukusanyika Nairobi kwa miezi michache kusoma masomo ya kuchagua ambayo hakuna idara moja yenye walimu wa kuyafundisha yote. Mtaala ulikubaliwa kwa pamoja na watahini wa nje wakasimamia viwango. Benno Ndulu, aliyewahi kuliongoza shirika hilo, baadaye alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kwa miaka kumi. Udhaifu mkubwa wa programu hiyo ulikuwa kutegemea fedha za wahisani, lakini hoja kwamba hatujui kulinganisha mitaala haina msingi.

Kinachotakiwa basi kinajulikana. Idara ya uchumi ya chuo chetu iingie katika muungano ikiwa na haki ya kutoa shahada na kura kwenye kamati ya mtaala, na angalau muhula mmoja usomwe hapa, na Wajerumani na Wavietnamu wakiwemo darasani. Kila tasnifu inayotumia takwimu za eneo hili iwe na msimamizi wa pili kutoka eneo hili, na takwimu zilizosafishwa zihifadhiwe hapa pia. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina msingi wa kuanzia, kwani eneo la pamoja la elimu ya juu lilitangazwa na wakuu wa nchi mwaka 2017. Eneo hilo likitumika kulinganisha krediti kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere, kuzilinganisha na za Ulaya ni hatua fupi.

Mwombaji naye asingoje hayo yakamilike. Nafasi ikipatikana, aende, lakini abebe swali lake, na kabla ya kusaini asome vipengele vinavyoeleza nani husimamia tasnifu na kama muhula wa utafiti unaweza kufanyika nyumbani. Kwa upande wa vyuo vyetu, uanachama hautapatikana kwa barua za kuomba nafasi za ufadhili. Utapatikana kwa idara iliyo na walimu wa kutosha, takwimu zilizopangwa na somo ambalo Ulaya haiwezi kulifundisha peke yake, na somo la biashara ya mipakani liko tayari kuanzwa.