Wimbo wa Pori na Vipimo vya Ubongo

Siku hizi wenye elimu wanapima kwa mashini mwili wa mtu anayesali ao anayesikiliza wimbo. Wengine wanamaliza maneno mbio: dini ni kazi ya ubongo tu. Sisi tutazame kwanza jambo la kwetu Ituri.

Toka Bunia, tukifuata barabara ya Komanda na Mambasa, tunafika Epulu, katikati ya pori kubwa. Tangu mwaka 1929 Padri Paul Schebesta alikuja kuchunguza maisha na dini ya Wambuti wa pori hili. Nyuma yake alikuja Mwingereza Colin Turnbull, aliyetoa kitabu juu yao mwaka 1961. Humo anaeleza molimo. Kifo kikiingia kambini, wanaume wanaimba karibu na moto, usiku kwa usiku, ili kuamsha pori lililolala, maana pori ni baba na mama yao. Baragumu inawaitikia gizani. Turnbull alitazamia baragumu ya mti. Kumbe, akaona bomba la chuma! Wambuti wakamjibu kwamba mti unaoza, na lililo kubwa ni sauti.

Sasa tusikie wapimaji. Mwaka 2006, kule Montreal, inchi ya Kanada, ubongo wa masista Wakarmeli 15 ulipigwa picha, wakikumbuka saa waliyojisikia wameungana na Mungu. Sehemu nyingi za ubongo zilifanya kazi pamoja. Hapakuonekana pahali pamoja pa Mungu. Mwaka 2015 ilitangazwa kazi nyingine: wakaaji 40 wa pori la Kongo-Brazzaville na Wakanada 40 walisikilizishwa nyimbo za pande zote mbili. Jasho la ngozi, moyo na pumzi vilipimwa. Miili yao iliamka na kutulia karibu sawasawa. Lakini walipoulizwa kama wimbo unaleta furaha ao huzuni, hawakupatana.

Basi, mashini inapima bomba, na kazi hiyo ni ya kweli, kwani pasipo bomba hatusikii kitu. Lakini wimbo unaimbwa kwa nani, na kwa sababu gani, hayo tunayapata kwa waimbaji wenyewe. Nasi tuangalie haki: kama tunakataa sala ya masista ihesabiwe kuwa kazi ya ubongo tu, haifai tuite wimbo wa Wambuti makelele ya usiku tu. Atakayetumwa siku moja upande wa Mambasa aanze kwa kusikiliza.