Kabla Hujachagua Vani ya Kuishi, Uliza Utaegesha kwa Nani

Wasee, leo nawaomba dakika saba hivi. Si ndefu.

Siku hizi kila mtu kwa simu yangu anataka kuhamia ndani ya gari. Kitanda nyuma, jiko la gesi karibu na mlango, sola juu ya paa. Asubuhi unafungua mlango na mbele yako ni chai tupu mpaka macho yachoke. Na mara nyingi hiyo chai ya kwa picha ni ya kwetu, Kericho ama Bomet. Halafu DM zinaanza kuingia: ninunue Hiace ama Nissan Caravan? Paa refu ama la kawaida? Dizeli ama petroli?

Nitajibu, msijali. Lakini kwanza tuongee historia, kwa sababu maoni yangu ni haya: kwa hii nchi ya chai, gari ni swali la pili. Swali la kwanza ni utaegesha kwa ardhi ya nani, na huyo mtu anaweza kukuambia utoke lini. Watu wa hapa wamekuwa wakiulizwa hilo swali kwa zaidi ya miaka mia moja. Wengi walilijibu wakiwa wamebeba vyombo kichwani.

Tuanze mbali kidogo. Kuna watu hudhani maisha ya kuhamahama ni kitu kilichotoka Marekani na kamera. Wakipsigis walikuwa na kaptich, kambi ya ng'ombe. Boma la familia lilikuwa mahali pamoja, na mashamba ya wimbi karibu. Ng'ombe wengi walikaa mbali kwenye malisho, na vijana hasa ndio walioishi nao huko. Malisho yakiisha, kambi inasogea. Ukitaka, hiyo ndiyo vani ya wakati huo: unalala karibu na mali yako, unabeba vitu vichache, unafuata nyasi. Kilichofanya ile kambi iwezekane ni kwamba malisho yalikuwa ya jamii. Kijana hakuamka usiku akimulikwa tochi na askari wa geti.

Halafu sheria zikaja. Mwaka wa 1902 serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya ardhi ya taji, na mwaka wa 1915 ikatunga nyingine kali zaidi. Kwa hiyo ya 1915, ardhi ambayo Waafrika walikuwa wanakalia ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni, na mlowezi angeweza kupewa mkataba wa miaka 999. Soma tena hiyo namba. Mkataba kama huo ukianza 1915 unaisha 2914. Katiba yetu ya 2010 ndiyo iliyosema mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi hapa kwa zaidi ya miaka 99.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari zipatazo 25,000 za Kericho zilitengwa kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Mpango ulikuwa walime kitani, ule mmea wa nyuzi. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa haraka. Unaweza kudhani ardhi ilirudi kwa wenyewe. Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai ziliingia, Brooke Bond na James Finlay, na ile kijani tunayopiga nayo selfi ikaanza kupandwa.

Kuna watu waliohamishwa kabisa. Ukoo wa Talai, ambao viongozi wake wa kiroho Waingereza waliwaita malaiboni, ulitungiwa sheria yake peke yake mwaka wa 1934 ya kuwaondoa. Watu wapatao 700, wazee na watoto wakiwemo, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye joto, malaria na mbung'o. Waliruhusiwa kurudi uhuru ulipokaribia, na wengi walirudi wakakuta hakuna pa kurudi. Hii si stori iliyofungwa. Mwaka wa 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitaja wazi, na mwaka wa 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka kesi yao kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kwa hivyo ukiandika chini ya picha yako kwamba huna anwani na uko huru, jua kuna mzee Kericho ambaye pia hana anwani, na hakuchagua.

Waliobaki je? Wengine walisukumwa kwenye rizavu. Wengine wakawa maskwota kwenye ardhi iliyokuwa yao. Sheria ya 1918 ilitaka skwota amfanyie mlowezi kazi angalau siku 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kukaa na kulisha mifugo. Na chai ilipokua, zikajengwa kambi za wafanyakazi: nyumba ndogo zilizopangwa kwa mistari, bomba la maji la pamoja, choo cha pamoja, zote katikati ya majani.

Hapa naingia mwenyewe, kwa sababu kogo wangu aliishi kwenye kambi kama hiyo karibu miaka thelathini. Alichuma chai kwa kampuni ambayo sitaitaja. Mama yangu alizaliwa pale, akatambaa pale, akaanza shule pale. Nyumba ilikuwa na kuta za mawe na mabati mazuri, imara kuliko Hiace yoyote mtakayoninunulia. Lakini kogo hakuwahi kupanda hata mti wa parachichi nje ya mlango. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto kitu cha wazi: "Nipande nimuachie nani?" Alipostaafu alirudisha ufunguo, vitu vikapanda lori, na siku chache baadaye familia nyingine ikaingia.

Kitu kingine alichoniambia hakijanitoka. Mtu akifa kambini, watu walichanga, mwili ukasafirishwa nyumbani. Hata aliyekuwa ameishi pale maisha yake yote alisafirishwa. Hapa Kenya tunajua hiyo lugha. Keja ni pa kulala. Nyumbani ni pale utazikwa. Miaka thelathini na bado kogo alikuwa na keja tu.

Sasa unaona kwa nini naona ile kambi na vani ni ndugu. Moja ina kuta za mawe, nyingine ina magurudumu, lakini zote mbili zinakaa kwa ardhi ya mtu mwingine. Na wakati mfanyakazi anarudisha ufunguo, shamba lenyewe linauzwa juu kwa juu. Unilever ilinunua Brooke Bond mwaka wa 1984, ikauza biashara yake ya chai mwaka wa 2022. Wamiliki wanabadilika, mkataba unabaki, mchumaji anahama. Siku hizi hata mashine zinachuma, na ndiyo maana mwezi wa Mei 2023 vijana walichoma baadhi yao Kericho. Kazi ikienda, nyumba ya kazi inaenda nayo.

Kuna mtu atasema, lakini watu wameishi kwenye magari ya kuhama na wakafaulu. Kweli. Tupande kidogo kaskazini, Uasin Gishu. Mwaka wa 1908 Makaburu zaidi ya 200 kutoka Afrika Kusini walishuka meli Mombasa, wakachukua treni hadi Nakuru, halafu wakapanda hadi nyanda za Eldoret kwa mikokoteni ya ng'ombe. Walilala ndani yake, walibeba vyakula ndani yake. Ilikuwa nyumba kamili ya magurudumu. Lakini waliishi hivyo wakienda kwenye mashamba ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa tayari kuwapa. Mkokoteni ulikuwa wa muda, shamba lilikuwa la kudumu.

Hata Uingereza kwenyewe ni hivyo hivyo. Mwaka wa 1885 daktari mstaafu wa jeshi la majini, William Gordon Stables, alitengenezewa gari la farasi la kuishi, akaliita The Wanderer. Wengi humtaja kama baba wa hii starehe ya kuzunguka na nyumba. Alisafiri na watumishi, na alikuwa na nyumba yake ya kurudi. Wakati huo huo Waromani, ambao walikuwa wanaishi kwenye magari kama hayo kwa sababu ndiyo yalikuwa makao yao, walikuwa wanafukuzwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Gari ni lile lile. Aliyekuwa na ardhi aliitwa msafiri, asiye nayo akaitwa mzururaji.

Najua bado kuna mtu ananiambia: wewe una ardhi ya familia ndiyo maana unaongea hivyo, mimi niko bedsita Nairobi, landilodi anapandisha kodi kila Januari, na ardhi sitawahi kununua. Vani ndiyo kitu pekee naweza kumiliki. Nakusikia, na hiyo ni sababu nzuri. Mimi mwenyewe naiangalia kwa macho hayo hayo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba magurudumu yanamaliza shida ya ardhi. Yanaihamisha tu, kutoka kwa landilodi mmoja hadi kwa wengi usiowajua.

Kwa hivyo ukiniuliza uchague vipi, hii ndiyo orodha yangu, na naianza na ardhi.

Tafuta mahali kwanza, hata kabla ya kuangalia gari. Barabara nyingi za ndani ya mashamba makubwa ya Kericho ni za kampuni, zina vizuizi na walinzi, na kulala pale bila ruhusa ni kutafuta noma. Bomet, upande wa Konoin na Mogogosiek, kuna wakulima wadogo wengi wanaopeleka majani yao kwa viwanda vya KTDA. Huko unaongea na binadamu mwenye shamba lake. Mlipe kitu kila mwezi, mwandikiane hata karatasi moja, mkubaliane kuhusu maji, choo na takataka. Salimia wazee. Usipige kontenti na wachumaji bila kuwauliza.

Pili, heshimu hali ya hewa. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na zaidi, mvua huja mchana mara nyingi mwaka mzima, na Kericho ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani. Paa la turubai halitoboi hapa, na sola yako inahitaji kinga. Weka vitu vya kuzuia baridi kwenye kuta na tundu la hewa juu, la sivyo pumzi yako itageuka maji usiku na godoro lioze.

Tatu, ndiyo gari sasa. Chukua lile ambalo fundi wa Litein anaweza kulitengeneza bila kuagiza spea kutoka nje. Hiace ama nisani iliyokuwa matatu inatosha, mradi ukague chini kama ina kutu na injini kama imechoka. Unapenda kusimama wima ukipika? Chagua paa refu. Utapita njia za matope? Angalia jinsi gari lilivyoinuka kabla ya kuangalia rangi. Na ukibadilisha viti kuwa kitanda, nenda NTSA kumbukumbu za gari zibadilishwe, usije ukaeleza hiyo stori kwa kizuizi.

Kogo sasa ana nusu ekari Konoin, aliyonunua polepole kwa akiba yake. Kitu cha kwanza kupanda kilikuwa parachichi. Amesema nikipata gari naweza kuliegesha chini yake, na hatanitoza kodi, bora nisikanyage chai yake. Mimi ninaye kogo. Wewe, kabla hujatuma pesa kwa yule broka wa magari, niandikie hapo chini: ni nani atakuruhusu ulale kwake?