Hadhira kama Mshiriki: Unyanyasaji wa Mtandaoni na Vijana wa Afrika Mashariki

Utangulizi

Unyanyasaji wa mtandaoni unapojadiliwa Afrika Mashariki, mazungumzo huwahusu watu wawili: anayetukana na anayetukanwa. Wa kwanza hutafutiwa kifungu cha sheria. Wa pili hupewa pole, au hunyang'anywa simu. Makala hii inatetea hoja kwamba mhusika mzito kuliko wote amesahaulika, naye ni hadhira: walioona, waliocheka, waliotuma mbele. Kijana huumizwa na wingi wa macho zaidi ya ukali wa maneno, na hatua yoyote isiyowagusa watazamaji na wasambazaji haiwezi kumkinga.

Sura mpya ya uonevu

Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu shuleni katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, aliutambua kwa sifa tatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa kwa kitendo, na mwonevu kumzidi nguvu mwonewa. Mitandao ya kijamii imezigeuza sifa zote tatu.

Tuchukue stika ya WhatsApp, jambo la kila siku katika magrupu ya wanafunzi wa vyuo. Msichana anapigwa picha darasani akiwa amesinzia, mdomo wazi. Mwenzake anaikata picha ile, anabakiza kichwa, anaandika juu yake neno moja la kejeli, kisha anaitupia kwenye grupu. Mmoja anajibu kwa emoji za kicheko, wa pili anaihifadhi stika kwenye simu yake, wa tatu anaipeleka kwenye grupu la chuo jirani. Jioni aliyeitengeneza akijuta na kuifuta, nakala zilizokwisha kuhifadhiwa hazifutiki. Yeye alitenda mara moja. Marudio yamefanywa na wengine. Nguvu yake haikutokana na misuli wala umri, ilitokana na grupu. Na wale wengine ukiwauliza, watakuambia hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanacheka tu.

Madhara

Mwaka 2019 UNICEF ilikusanya maoni ya vijana zaidi ya 170,000 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 katika nchi 30. Zaidi ya theluthi walisema wamewahi kunyanyaswa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema amewahi kukosa shule kwa sababu hiyo. Katika nchi zilizo kusini mwa Sahara, asilimia 34 walisema wamenyanyaswa, na asilimia 39 walisema wanayafahamu magrupu ya faragha katika jumuiya ya shule, ambamo watoto hupeana habari za wenzao kwa lengo la kuwaonea. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo asilimia hizi haziwezi kuchukuliwa kuwa sensa. Hata hivyo zinadokeza jambo zito: wanaojua yanakopikwa mambo haya si wachache.

Tafiti za saikolojia zimeuhusisha unyanyasaji huu na sonona, wasiwasi, kukosa usingizi, kushuka kwa masomo, kujidhuru na mawazo ya kujiua. Uangalifu unahitajika hapa. Tafiti nyingi hupima mambo yote kwa wakati mmoja, na kijana ambaye tayari ana sonona ni rahisi kulengwa, hivyo sababu na matokeo hufuatana kwa pande zote mbili. Lakini hilo linatuongezea wajibu, maana linaonyesha kwamba anayeandamwa mara nyingi ni yule aliyekwisha kulemewa.

Kinachomtofautisha mhanga wa mtandaoni ni kutojua nani ameona. Aliyetukanwa uso kwa uso anamjua mbaya wake na anajua tusi lilipoishia. Aliyesambazwa hajui. Kondakta akimtazama mara mbili, anajiuliza. Muuza chipsi akitabasamu, anajiuliza. Taratibu anaacha kwenda dukani, anaacha kwenda ibadani, anakaa nyuma ya darasa na kunyamaza. Wazazi huona mtoto amekuwa mkimya, wakadhani amekua.

Kwa wasichana mzigo ni mzito zaidi pale zinapovuja picha au video za faragha. Nchini Tanzania vijana huziita koneksheni, na ikivuja moja tu, magrupu hujaa maombi ya “nitumie koneksheni”. Anayeomba hivyo hajavujisha kitu na hajamtukana mtu, lakini ombi lake ndilo linaloipa video thamani ya kusambazwa. Bila waombaji hao, aliyevujisha angebaki na faili lisilo na mnunuzi.

Sheria na mipaka yake

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 23 kinamkataza mtu kumtumia mwingine mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumbughudhi au kumsababishia maumivu ya kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu kimemlenga mtumaji mwenye nia, anayemwandikia mhanga. Stika iliyozungushwa katika grupu ambalo mhanga hayumo, na watu wanaodai walikuwa wanacheka, inaingia kwa shida katika maneno hayo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao imekwenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 27 kinahusisha mawasiliano yasiyo ya moja kwa moja, hata yale yanayopelekwa kwa watu wanaomfahamu mhanga, na kinamgusa aliyepaswa kujua kwamba tendo lake lingeleta madhara. Lakini adhabu yake inafika shilingi milioni 20 za Kenya au kifungo cha miaka 10. Ni mwalimu gani atampeleka polisi mwanafunzi wa miaka 17 akijua hayo? Adhabu nzito kupita kiasi huwafanya watu wazima wanyamaze, na kosa hubaki bila jibu lolote.

Hoja za upinzani

Wapo wanaosema dhihaka ya hadharani haikuanza na simu. Ni kweli, uswahilini na pwani watu wamesutana tangu zamani mbele ya majirani. Ila msutaji alijulikana kwa jina na kwa ukoo, aliyesutwa aliweza kujibu, na wazee walikuwepo wa kusuluhisha. Hadhira ile ilikuwa na mipaka, na iliwajibika. Hadhira ya mtandaoni haina mipaka hiyo.

Wengine hushauri kijana azime simu. Akizima, yeye ndiye asiyeona. Wengine wote wanaendelea kuona. Mbaya zaidi, kijana anayejua kwamba akisema atanyang'anywa simu hujifunza kutosema.

Kinachopaswa kufanywa

Ushahidi upo kwamba hadhira inaweza kupunguzwa kasi. Aprili 2020 WhatsApp iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kutumwa mbele mara nyingi upelekwe kwa mtu au grupu moja tu kwa wakati mmoja. Baadaye mwezi huohuo ikatangaza kwamba jumbe za aina hiyo zimepungua kwa asilimia 70. Kikwazo kidogo tu kiliwafanya mamilioni ya watu wasitume. Nchini Finland, mpango wa shule uitwao KiVa, uliotokana na tafiti za Christina Salmivalli na wenzake, huwafundisha wanafunzi wanaotazama namna ya kusimama na mwonewa, na uonevu umepungua katika shule zilizoufuata.

Kwetu hatua za mwanzo ziko wazi. Shule na vyuo viweke kanuni inayomtaja msambazaji kuwa mshiriki, yenye adhabu ya kinidhamu inayotekelezeka na nafasi ya kuomba radhi mbele ya walewale walioona. Viongozi wa magrupu wapewe wajibu wa kufuta na kuonya. Wazazi wamhakikishie mtoto mapema kwamba akisema hatapoteza simu yake. Namba 116 ya msaada kwa watoto, inayofanya kazi Kenya na Tanzania, ibandikwe kila darasa. Na watunga sheria wa Tanzania wakitazame upya kifungu cha 23 ili kimfikie anayesambaza dhihaka kwa makusudi, bila kugeuzwa rungu la kuzima ukosoaji wa viongozi.

Hitimisho

Wakatili wachache watakuwepo daima, na sheria iwashughulikie. Lakini vijana wengi wanaoshiriki unyanyasaji si wakatili. Wamezoea kutuma mbele bila kufikiri, na hakuna aliyewaambia kwamba kutuma ni kutenda. Hilo linafundishika, na ni wajibu wetu kulifundisha.