Wanazuoni wa Khwarazm na mvutano wa mataifa juu ya urithi wao

Mvutano juu ya urithi wa wanazuoni wa Khwarazm ni ushindani wa muda mrefu unaozihusisha Uzbekistan, Iran, Tajikistan, Turkmenistan, Afghanistan na Uturuki, na kwa kiasi fulani nchi za Kiarabu, ambamo kila taifa hudai kuwa wanahisabati, wanafalaki na matabibu wakubwa wa Asia ya Kati ya kale ni mababu zake. Wanaogombaniwa zaidi ni watatu: Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi (takriban 780–850), ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina; Abu Rayhan al-Biruni (aliyezaliwa mwaka 973 na kufariki takriban mwaka 1050), mwanafalaki na mpimaji wa dunia; na Abu Ali ibn Sina (980–1037), tabibu na mwanafalsafa ambaye hakuzaliwa Khwarazm lakini alipata hifadhi huko katika ujana wake. Wakati wa uhai wao hapakuwa na nchi iliyoitwa Uzbekistan wala Tajikistan, na dola ya Iran yenye mipaka ya leo haikuwapo. Hilo linajulikana na kila upande, na bado halijapunguza makali ya madai.

Nchi yenyewe

Khwarazm ni bonde lenye rutuba lililozungukwa na jangwa, kusini mwa Ziwa Aral, mahali ambapo Mto Amu Darya ulitawanyika katika mifereji kabla ya kufika ziwani. Wakazi wake wa kale walizungumza Kikhwarazm, lugha ya jamii moja na Kiajemi, ambayo katika karne zilizofuata ilimezwa na lugha za Kituruki hadi ikatoweka. Bonde hilo sasa limekatwa na mpaka: Khiva, pamoja na mji wa Kath ambao mwaka 1957 ulipewa jina la Beruniy, uko upande wa Uzbekistan, ilhali Gurganj, makao ya watawala ambao al-Biruni na Ibn Sina waliwatumikia, uko upande wa Turkmenistan kwa jina la Konye-Urgench. UNESCO iliuingiza mji wa ndani wa Khiva katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1990 kwa niaba ya Umoja wa Kisovyeti, na magofu ya Konye-Urgench mwaka 2005 kwa niaba ya Turkmenistan, kwa hiyo hata katika daftari la kimataifa nchi moja ya kale imesajiliwa mara mbili chini ya wenyewe tofauti.

Al-Khwarizmi

Habari za maisha ya al-Khwarizmi ni chache mno, na uchache huo ndio unaoacha nafasi ya ubishi. Lililo wazi ni kwamba alifanya kazi Baghdad katika utawala wa Khalifa al-Ma'mun (813–833), akihusishwa na Nyumba ya Hekima, yaani taasisi ya khalifa ya kukusanya, kutafsiri na kuandika vitabu vya elimu, na kwamba vitabu vyake aliviandika kwa Kiarabu. Nisba yake, yaani sehemu ya jina inayotaja mtu alikotoka, inaonyesha kuwa yeye au wazee wake walitoka Khwarazm. Hata hivyo mwanahistoria al-Tabari anamtaja kwa nisba mbili za ziada, ya Majusi, yaani mfuasi wa dini ya Zaradushti, na ya Qutrubbul, mahali palipokuwa karibu na Baghdad, na kwa maneno hayo wapo waliomfanya kuwa mzaliwa wa Iraki. Baadhi ya wachunguzi wa miswada, yaani vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, wanaona kuwa mnakili alidondosha herufi moja tu, wau yenye maana ya “na”, na kwamba al-Tabari alikuwa akitaja watu wawili tofauti. Kama ni hivyo, uraia wa Kiiraki wa mwanahisabati huyu umesimama juu ya kosa la kalamu.

Kitabu chake kuhusu hesabu ya al-jabr na al-muqabala kinaeleza kanuni mbili: al-jabr ni kurejesha, yaani kuondoa kiasi kilichopunguzwa upande mmoja wa mlinganyo kwa kukiongeza pande zote mbili, na al-muqabala ni kukabilisha, yaani kufuta viasi vya aina moja vinavyotokea pande zote. Mfano wake maarufu unauliza: ni mraba gani ambao ukiongezewa vipeuo vyake kumi hufanya 39? Jibu analitoa kwa maneno matupu, bila alama yoyote ya kihisabati. Chukua nusu ya idadi ya vipeuo, ambayo ni 5. Izidishe kwa yenyewe upate 25. Ongeza 39 upate 64. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8. Toa ile 5, inabaki 3, ambayo ni kipeuo kinachotafutwa, na mraba wake ni 9. Kisha anathibitisha kwa mchoro: kwenye pande mbili za mraba usiojulikana anabandika mistatili miwili yenye upana wa 5, na pengo linalobaki pembeni analiziba kwa mraba mdogo wa eneo la 25, hadi umbo zima linakuwa mraba mmoja wenye eneo la 64. Uzuri wa kazi hii ni kwamba kanuni haikuachwa iaminiwe tu, bali imeonyeshwa kwa macho. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inashughulikia mirathi na wasia, kwa kuwa kugawa fungu la mke, watoto na wadai wa marehemu kulihitaji hesabu za namna hiyo, na kadhi wa Pwani ya Afrika Mashariki aliyezoea masuala ya faraidhi angeyatambua mengi ya maswali yake mara moja.

Kuhusu tarakimu, al-Khwarizmi mwenyewe alizitambua kuwa ni za Wahindi, na kitabu alichokiandika juu yake kimepotea katika Kiarabu na kimesalia kwa Kilatini tu. Aljebra yake ilitafsiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester huko Segovia, Hispania, mwaka 1145, na tena na Gerard wa Cremona huko Toledo. Kwa hiyo kazi yenyewe imepita mikono ya Wahindi, watu wa Baghdad, Wahispania na Wazungu wengine, na tawi lolote la historia hiyo likikatwa, sehemu ya kitabu hupotea pamoja nalo.

Al-Biruni na Ibn Sina

Kwa al-Biruni ugumu unatokana na wingi wa habari, kwa kuwa yeye aliandika juu ya nafsi yake. Katika kitabu chake kuhusu kalenda za mataifa, alichokikamilisha karibu na mwaka 1000, aliwahesabu watu wa Khwarazm kuwa tawi la Waajemi, na Wairani hushika maneno hayo kama hati ya umiliki. Katika kitabu cha dawa alichokiandika uzeeni alieleza kuwa Kiarabu na Kiajemi zote zilikuwa lugha za kigeni kwake, na akakipendelea Kiarabu waziwazi kuwa ndicho chombo cha elimu. Alizaliwa Kath, akaishi Gurgan katika Iran ya leo, akachukuliwa na Sultani Mahmud hadi Ghazni katika Afghanistan ya leo baada ya Khwarazm kutekwa mwaka 1017, na huko Ghazni ndiko alikofia. Kipimo chake mashuhuri cha nusukipenyo cha dunia alikifanya katika ngome ya Nandana, ambayo sasa iko Punjab, Pakistan: alipima urefu wa mlima, kisha akapanda kileleni na kupima pembe ndogo ambayo upeo wa macho huzama chini ya mstari mlalo, na kwa pembe hiyo akakokotoa ukubwa wa dunia nzima.

Ibn Sina alizaliwa Afshana karibu na Bukhara, kwa baba aliyetoka Balkh, akazikwa Hamadan. Kwa hesabu ya ramani za leo, mahali alipozaliwa ni Uzbekistan, nyumbani kwa baba yake ni Afghanistan, na kaburi lake liko Iran. Tajikistan haina hata kimoja kati ya hivyo, lakini inadai kwa lugha na nasaba, kwa kuwa Watajiki, wasemaji wa Kiajemi wa Asia ya Kati, wanajiona warithi wa dola ya Wasamani iliyotawala Bukhara wakati huo. Uturuki nayo, mwaka 1937, ilipoadhimisha miaka 900 tangu kifo chake, ilichapisha kitabu ambacho jina lake lenyewe lilimwita mwanafalsafa mkuu wa Kituruki.

Chanzo cha mvutano

Mvutano huu si wa kale. Ulianza pale dola za karne ya 20 zilipohitaji historia ya kitaifa, na hatua kubwa kuliko zote ilikuwa ugawaji wa Asia ya Kati uliofanywa na utawala wa Kisovyeti mwaka 1924, ambao uliunda jamhuri kwa misingi ya makabila na lugha katika nchi ambayo watu wengi walizungumza lugha mbili na kujitambulisha kwa mji, ukoo au dini. Samarkand na Bukhara, miji yenye wasemaji wengi wa Kiajemi, iliwekwa Uzbekistan, na Tajikistan ikawa jamhuri kamili mwaka 1929 bila miji hiyo. Uchungu wa jambo hilo haujaisha. Kila jamhuri ikatakiwa iwe na mashujaa wake. Mwaka 1941 mwanahistoria Aleksandr Yakubovsky alichapisha Tashkent hoja kwamba Wauzbeki si wageni walioingia na majeshi ya kiongozi wao Shaybani mwanzoni mwa karne ya 16 tu, bali ni kizazi cha wakazi wote wa kale wa nchi hiyo, waliobadili lugha pole pole. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini pia iliipa Uzbekistan kila aliyewahi kuzaliwa katika ardhi yake.

Iran nayo, chini ya wafalme wa Pahlavi, ilijenga upya kaburi la Ibn Sina huko Hamadan na kulizindua mwaka 1954 kwa kongamano la milenia yake. Milenia hiyo ilihesabiwa kwa mwaka wa Kiislamu, ambao ni mfupi kuliko wa jua. Umoja wa Kisovyeti uliadhimisha tena milenia ile ile mwaka 1980 kwa mwaka wa jua.

Ukichunguzwa kwa makini, mvutano wote unazunguka vigezo vitatu ambavyo havipatani: ardhi ya kuzaliwa, lugha na asili ya watu, na mahali pa kazi au pa kaburi. Uzbekistan hushika cha kwanza, Iran na Tajikistan cha pili, Afghanistan na Iran tena cha tatu, na nchi za Kiarabu huongeza lugha ya vitabu. Hakuna nchi inayokitumia kigezo chake pale kinapoiumiza. Anayemdai al-Biruni kwa kuwa alizaliwa Khwarazm anapaswa, kwa haki, kumwachia Iran Jamshid al-Kashi, mzaliwa wa Kashan aliyefanya kazi katika chuo cha mtawala Ulugh Beg huko Samarkand na kukokotoa pai hadi tarakimu 16 za desimali. Lakini hapo Samarkand hugeuka na kutaja mahali pa kazi.

Sanamu, noti na orodha za UNESCO

Madai hayo huonekana zaidi katika alama za dola. Umoja wa Kisovyeti ulitoa stempu ya al-Khwarizmi mwaka 1983, na sanamu yake imeketi nje ya ukuta wa Khiva. Iran hutoa tuzo ya sayansi yenye jina lake na imekipa chuo kikuu kimoja cha Tehran jina hilo. Sura ya Ibn Sina imo katika noti ya somoni 20 ya Tajikistan. Mwaka 2009 Iran iliupa Umoja wa Mataifa huko Vienna banda lenye sanamu za Omar Khayyam, al-Razi, Ibn Sina na al-Biruni, wote wakitambulishwa kuwa wanazuoni wa Kiajemi.

Katika UNESCO ushindani umechukua sura ya maombi ya usajili. Mwaka 2016, Iran na Uturuki ziliposhirikiana kuomba usajili wa Masnavi ya Jalal al-Din Rumi, Afghanistan ililalamika kwa kuwa mshairi huyo anahesabiwa kuwa mtu wa Balkh. Mwaka huo huo, katika kikao kilichofanyika Addis Ababa, Uzbekistan na Tajikistan zilisajili pilau yao kila moja kivyake, ingawa hapo awali muziki wa Shashmaqom ziliuwasilisha pamoja. Nauruzi, mwaka mpya wa jua, ilifanikiwa zaidi: iliandikishwa mwaka 2009 na nchi saba kwa pamoja, na idadi ikafika kumi na mbili mwaka 2016. Hakuna kati yao iliyo ya Pwani ya Waswahili, ambako Nairuzi imehifadhiwa kwa karne nyingi katika hesabu ya misimu ya kilimo na uvuvi na huadhimishwa Makunduchi, Unguja, kwa Mwaka Kogwa.

Miswada

Mahali ambapo ushindani umeleta faida ya kweli ni katika vitabu. Taasisi ya al-Biruni ya Tashkent ina hazina ya miswada iliyoingizwa katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Uturuki iliandikisha maandishi ya Ibn Sina yaliyomo katika maktaba ya Süleymaniye, Istanbul, mwaka 2003. Na Iran iliandikisha kitabu cha al-Biruni cha utangulizi wa unajimu, al-Tafhim, mwaka 2011. Mswada wa aljebra ya al-Khwarizmi uliotumika katika chapa ya mwaka 1831 uko Oxford, mbali na wadai wote. Qanuni ya tiba ya Ibn Sina, ambayo kwa Kiarabu ilichapishwa Roma mwaka 1593, ilitafsiriwa kwa Kirusi na Kiuzbeki huko Tashkent kuanzia mwaka 1954, na kwa Kiajemi ikatafsiriwa na mshairi Mkurdi wa Iran, Abdurrahman Sharafkandi, aliyejulikana kwa jina la Hazhar.