Nafsi Sita Sokoni Arua

Sokoni Arua, Uganda, Mnubi anayeaga husema "ana gi rua": ninakwenda. Wenzake wakiondoka ni "umon gi rua": wanakwenda. Kitenzi ni kilekile, na nafsi imesimama kando kama neno kamili. Sisi Waswahili twaitia ndani ya kitenzi: ninakwenda, unakwenda. Kiarabu nacho hunyambua hivyo, tena hubagua mume na mke. Basi Kinubi, mtoto wa Kiarabu, kiliupata wapi mwendo huu?

Kambini. Katika karne ya 19 jeshi la Misri lilikusanya watu wa kusini mwa Sudan, wengi wao watumwa, nao wakakidaka Kiarabu kwa masikio. Vita vya Mahdi vikawatenga na Misri, wakarudi nyuma na gavana wao, Emin Pasha, hadi Wadelai, ukingoni mwa Nile. Mwaka 1891 Lugard, afisa Mwingereza, aliwakuta waliobaki kule Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaingiza Uganda.

Njiani minyambuliko ilidondoka. Mume na mke wakawa "uo" mmoja. Lakini nafsi zilibaki zote sita: ana, ita, uo, ina, itakum, umon. Itazame "itakum": ni "ita", yaani wewe, iliyoongezwa "kum" ya wingi, kama sisi tunavyotoka kwenye karibu tukafika karibuni. Huo si uvivu wa ulimi. Ni ufundi.

Na mwendo wenyewe? Nenda Koboko, karibu na Arua, kwa Wakakwa, ndugu wa Wabari wa Sudan Kusini. Mimi ni "nan", wewe "do", sisi "yi", nyinyi "ta", na kitenzi hakifuati nafsi. Wamasai, jamaa zao wa mbali, huipachika kichwani mwa kitenzi. Naamini askari wa Kibari na wenzao waliingia kwenye Kiarabu na mpangilio wa nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa Papua Guinea Mpya: Tok Pisin ilichukua maneno ya Kiingereza, ikatenga "yumi", sisi pamoja nawe, na "mipela", sisi bila wewe. Kiingereza hakina tofauti hiyo. Lugha nyingi za wenyeji zinayo.

Kiswahili chetu nacho kimepita kambini. Huko bara, "mimi iko, wewe iko, sisi iko" bado husikika, na wasemaji wake huchekwa. Mimi siwacheki: katika sentensi hizo hakuna nafsi hata moja iliyopotea.